Nyuma ya Mashine ya Fotokopi

Msimu wa usaili ukiingia hapa Dodoma huhitaji kusoma gazeti ili ujue. Bodaboda wa njia ya chuo wanapandisha nauli, gesti zinajaa, na saa kumi na mbili asubuhi mlangoni pa steshenari yangu wamekwishasimama vijana wenye mashati yaliyokunjamana kwa safari ya usiku. Wameshuka kwenye mabasi ya Mwanza, Mbeya na Kigoma. Wa Dar es Salaam siku hizi wanakuja na treni ya umeme. Kila mmoja ana bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha mna cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, na nakala zenye mhuri wa wakili. “Dada, nitolee kopi mbili mbili.” “Dada, pasipoti saizi unapiga?” “Dada, naomba kuchaji simu kidogo.”

Mimi nilisomea ualimu, Kiswahili na jiografia, na akaunti yangu kwenye mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma bado iko hai. Steshenari tuliifungua na mama mdogo wangu ili mkono uende kinywani wakati nasubiri. Basi katika kusubiri huko nimewaskania watu vyeti, nimewachapia barua, nimewasindikiza kwa macho wakielekea kwenye usaili na nimewaona wakirudi. Anayeanza kutafuta huniuliza karatasi ipi inapendeza, namba ya simu iwekwe juu au chini, picha iwe na mandhari ya bluu au nyeupe. Aliyekaa mtaani muda mrefu hunisukumia flashi bila kunitazama. “Barua ipi kaka? Zipo nne humu.” “Toa yoyote.”

Hilo “toa yoyote” linanisumbua kuliko njaa wanayokuja nayo. Njaa mama ntilie wa jirani anaiweza. Ila mtu akishaacha kujali barua ipi inatoka, hata kazi ikimjia hataitambua kama ni yake, na jopo la usaili litamwona hivyo kabla hajafungua mdomo.

Kabla ya yote, tuangalie hesabu, kwa sababu wengi wanajihukumu bila kuifanya. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita wasailiwa wake Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, maana hakukuwa na ukumbi wa kuwatosha. Walikuwa zaidi ya elfu kumi, na nafasi zilikuwa 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Gawanya mwenyewe: karibu watu 85 kwa kiti kimoja. Hata hao 85 wote wangekuwa wahasibu hodari wasiolala usiku, 84 wangerudi nyumbani. Mtihani wa mchujo kwa umati wa namna hiyo umetungwa ili kupunguza watu, na anayepunguzwa hapaswi kuusoma kama cheti cha daktari kuhusu akili yake. Mteja wangu mmoja, binti wa ustawi wa jamii, alifaulu hadi mahojiano lakini nafasi zikawa zimejaa. Jina lake likawekwa kwenye kanzidata, ile orodha ya waliofaulu wakakosa kiti. Alikwisharudi kijijini kwao, ameanza kulima alizeti, ndipo akapigiwa simu aje kuchukua barua ya kupangiwa kituo. Angekuwa amebadilisha laini ya simu asingepatikana. Nawaambia wote: laini iliyo kwenye fomu usiiache izimwe.

Kukataliwa, nimegundua, watu wanakuvumilia. Kinachowamaliza ni kimya. Kampuni nyingi binafsi hazijibu kabisa. Tangazo lenyewe limekwishaonya kwamba watakaojulishwa ni waliochaguliwa tu. Matokeo yake mtu anaishi ndani ya simu. Kuna kijana wa uhasibu, mrefu, mpole, alikuwa akikaa kwenye benchi langu na kila dakika chache anaufungua mfumo kuona kama hali ya ombi imebadilika. Anafunga, anafungua. Bando likiisha ananikopa. Nilimwambia, “Mdogo wangu, hilo ombi liko mezani kwa watu, hao watu wameenda kula. Fungua Jumatatu na Alhamisi.” Matangazo ya kuitwa kwenye usaili hutoka siku kadhaa kabla ya usaili wenyewe, hakuna anayeitwa saa nane aje saa tisa. Alinuna. Alifuata lakini, na wiki ya pili alianza kunisimulia mambo mengine, mpira, dada yake anayeolewa, na kadhalika. Nikajua kichwa kimepata nafasi.

Sasa, namna kukosa kazi kunavyomla mtu nilikusoma kazini, kwenye habari ya kijiji kiitwacho Marienthal. Mwanachuo wa shahada ya uzamili alileta tasnifu yake ya sosholojia niichape, na mimi nina tabia ya kusoma kurasa zinavyotoka. Marienthal ni kijiji cha Austria, karibu na Vienna, kilichoishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kikafungwa kati ya 1929 na 1930, na kijiji karibu kizima kikakosa kazi kwa mpigo. Watafiti wakaenda kukaa nao, wakiongozwa na Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, na kitabu chao kikatoka 1933. Walihesabu mpaka mwendo wa watu barabarani. Wanaume, ambao sasa hawakuwa na wanapokwenda, walitembea polepole na kusimamasimama. Wanawake, waliokuwa bado na sufuria na watoto wa kuwahi, waliwapita. Vitabu vilivyoazimwa kwenye maktaba ya kijiji vilipungua kwa karibu nusu, ingawa ada iliondolewa na watu walikuwa na muda tele. Wanaume walipopewa karatasi waandike walivyoshinda siku nzima, wengi hawakukumbuka. Waliamka, walikula mchana, walilala. Katikati hakuna kitu.

Niliusoma ukurasa ule mara mbili mwenye tasnifu akiwa amesimama ananingoja. Miaka mingi baadaye Jahoda aliendelea kuandika kuhusu mambo ambayo kazi humpa mtu mbali na mshahara: inapanga saa zake, inamkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwao, inamwingiza kwenye lengo la wengi, inampa cheo mbele za watu, na inamlazimisha kushughulika. Mshahara ukikatika unaonekana siku hiyo hiyo. Haya mengine yanakatika taratibu, na mtu anadhani amekuwa mvivu.

Kwa hiyo anayetafuta kazi ana kazi mbili. Ya kwanza ni kutafuta, na hiyo iwe na saa ya kufungua na saa ya kufunga. Yule kijana wa uhasibu tulimwekea saa mbili hadi saa tano asubuhi: kusoma matangazo, kuandika barua, kupiga simu, kwisha. Saa tano hata kama kuna tangazo zuri limetoka, litakuwepo kesho, labda mwisho wake uwe leo. Kazi ya pili ni kitu chochote ambacho matokeo yake yanaonekana jua halijazama. Yeye alianza kumwandikia mahesabu mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa barabarani, mzee aliyekuwa akitunza madeni kwenye vipande vya boksi. Mwanzoni alilipwa soda na nauli. Mwingine ninayemfahamu anafundisha hesabu watoto wa darasa la saba, mwingine ana matuta ya mchicha. Programu za utarajali zinazoratibiwa na ofisi za ajira za Serikali nazo ni njia, ukizipata. Vijiwe sividharau, kijiwe kina habari za vibarua ambazo intaneti haina, lakini kijiwe cha kutwa nzima kinakuwa Marienthal yenye kahawa.

Nije kwenye hasira. Nauza madaftari, kwa hiyo mtasema napigia debe bidhaa yangu, lakini jambo hili nimelisoma na nimeliona. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, mmoja wao ni mwanasaikolojia James Pennebaker, walichapisha jaribio walilofanya kwa wataalamu wa makamo waliopunguzwa kazini. Baadhi waliambiwa waandike kwa dakika 20, siku tano mfululizo, yale hasa waliyoyahisi kuhusu kuachishwa: aibu, chuki, hofu ya nyumbani. Wengine waliandika mambo ya kawaida, mipango ya siku yao. Miezi minane baadaye, zaidi ya nusu ya walioandika ya moyoni walikuwa wamepata kazi; wale wengine hawakufika hata robo. Walikuwa watu 63 tu, kwa hiyo sijengi nyumba juu yake. Kinachonivutia ni kwamba walioajiriwa hawakutuma barua nyingi kuliko wenzao wala kuitwa mara nyingi zaidi. Tofauti ilikuwa pale walipoketi mbele ya mwajiri. Watafiti walidhani hasira ilikuwa imepata pa kushukia kabla ya siku hiyo.

Mimi nawaamini, maana hasira naiona hapa kaunta. Mtu ameulizwa tu, “Kaka, unaomba nafasi gani?” anajibu kama nimemtukana. Ukiingia hivyo kwenye chumba cha usaili, swali rahisi kama “Tueleze kwa nini uliacha kazi ya kwanza” litakutoa povu. Daftari la kurasa themanini linatosha. Andika kwa Kiswahili, kwa Kigogo, kwa lugha uliyogombea na ndugu zako utotoni. Asome nani? Hakuna. Wengine huchoma. Daftari si njia pekee: anayeswali swala tano tayari ana vituo vitano vya kusimamisha dunia kila siku, na anayesali rozari hivyo hivyo; nawashauri tu wasizifanye kwa haraka kwa sababu ya simu iliyo mfukoni.

Siku ya usaili yenyewe sina mengi. Lala karibu na ukumbi, kama pesa inaruhusu, na kula. Binti mmoja aliyekuwa akitetemeka hadi kalamu inamdondoka alifundishwa na nesi, mteja wangu pia, aweke nyayo zote mbili sakafuni na atoe pumzi taratibu kuliko alivyoivuta, mara chache tu, kabla ya jina lake kuitwa. Aliniambia alichokumbuka ndani ni kwamba unaruhusiwa kusema, “Samahani, naomba swali lirudiwe.” Hakuna mjumbe wa jopo aliyemkatia alama kwa hilo. Akili inayokimbilia matokeo haisikii swali, na ndiyo maana watu wazuri wanajibu swali ambalo hawakuulizwa.

Kuna jambo ambalo wengi wanaliruka: unatafuta kazi gani? Matangazo ya utumishi wa umma yana mpangilio wake. Kwanza majukumu ya kazi, halafu sifa za mwombaji, halafu mshahara, ngazi ya TGS hii au ile. Nakaa na watu mbele ya kioo cha kompyuta, na naona kidole kinavyoshuka moja kwa moja hadi kwenye TGS. Simlaumu mtu mwenye deni la Bodi ya Mikopo, ambalo akiajiriwa litakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Lakini majukumu ndiyo utakayoamka nayo kila siku. Ofisa anayesimamia watu kijijini na ofisa anayekagua majedwali wanaweza kuwa na TGS moja, na mmoja wao akakonda. Huwa nawauliza watu: siku gani ulifanya kazi ukasahau kula? Kuna aliyeniambia alipokuwa anapanga dawa stoo ya zahanati akijitolea. Alikuwa ameomba uhifadhi wa wanyamapori, uhudumu wa ndege na ukarani wa benki. Tulikaa chini tukaandika barua moja tu, ya ugavi, na kwa mara ya kwanza alibishana nami kuhusu neno litakalokaa kwenye aya ya pili. Nilifurahi sana kubishiwa.

Hesabu ya barua nyingi inadanganya. Barua moja iliyobadilishwa jina la mwajiri tu, na mara nyingine hata jina lenyewe limesahauliwa likabaki la zamani, hainunui chochote isipokuwa wino wangu. Afadhali mbili kwa wiki ulizozifikiria. Na hapo hapo acha nafasi ya kazi ya kupitia, ile unayoifanya ukiielekea nyingine. Hakuna aibu kuchukua kazi ya kupitia, aibu ni kujidanganya kwamba ndiyo uliyokuwa ukiitafuta.

Koneksheni. Neno hili kwetu linanuka, kwa sababu tunalitumia kwa mjomba mwenye cheo na bahasha chini ya meza. Lakini liko la halali, nalo lina utafiti. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha, kwa kuwahoji watu wa kitongoji kimoja karibu na Boston, kwamba waliopata kazi kupitia mtu waliambiwa zaidi na mtu wanayeonana naye mara mojamoja kuliko na rafiki wa karibu. Mwaka 2022 watafiti wengine walilipima jambo hilo kwa watumiaji milioni 20 wa LinkedIn kwa muda wa miaka mitano, wakakuta wanaofahamiana kidogo kweli wanafaa zaidi, ingawa si wale wasiofahamiana kabisa. Inaingia akilini. Rafiki zako wa karibu wanakaa benchi moja na wewe na wamesoma tangazo lile lile. Aliyesoma nawe kidato cha sita akahamia Geita ana habari nyingine. Kumwandikia, “Habari za siku nyingi ndugu yangu, nimemaliza ugavi, ukisikia mahali wanahitaji mtu wa stoo nikumbuke,” hakumnyimi mtu haki yake.

Lakini akija mtu usiyemjua na kusema kazi ipo, tuma pesa ya fomu, ya sare, ya vipimo, funga mazungumzo. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unaweka msingi kwamba wakala wa ajira hamtozi anayetafuta kazi. Anayelipa ni mwajiri. Matapeli wanajua saa unayokata tamaa, wanakuja saa hiyo.

Nyumbani nako kuna mtihani wake. Mama anapiga simu kila Jumapili: “Mwanangu, bado tu?” Hana ubaya, ana wasiwasi, na jirani amemuuliza sokoni. Wateja wangu wawili watatu wamewaomba wazazi kwamba habari za kazi zitoke siku moja tu ya mwezi. “Shikamoo mama. Nimeomba sehemu mbili, majibu bado, nafundisha watoto jioni, nakula.” Mwezi unaofuata tena. Katikati wanaongea mvua na kuku. Na kama usingizi umekukimbia wiki nyingi, chakula hakipiti, unaona heri usingekuwepo, hapo pumzi na daftari havitoshi. Sisi wa Dodoma tunayo Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na tunajua utani unaofanywa kwa jina lile. Nimemsindikiza mtu hadi pale. Alikaa foleni, akamwona daktari, akarudi nyumbani na dawa na tarehe ya kurudi, kama mgonjwa mwingine yeyote.

Yule kijana wa uhasibu alipigiwa simu mwezi uliopita. Si Serikali, ni ghala la nafaka. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimtaja kwa mfanyabiashara mwenzake wanayekutana kwenye misiba na harusi. Zamani angesema ndiyo kabla simu haijakatika. Safari hii aliomba siku moja afikirie, akaja kukaa kwenye benchi, tukaandika maswali: ataripoti kwa nani, saa za kazi zikoje msimu wa mavuno, na maelezo ya ajira kwa maandishi yatatoka lini, maana kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri amkabidhi mfanyakazi anapoanza kazi. Mwajiri alijibu mawili vizuri, la mavuno akacheka. Amekubali. Ameanza tarehe mosi, na mfumo wa Serikali bado anaufungua, Jumatatu na Alhamisi, kwa bando lake mwenyewe.